Kabla ya kuongeza kifurushi, kagua poti za kifaa cha kuharakisha mtandao

Anayetoka Amu kwenda Faza kwa mashua anajua kwamba maji yakipwa, Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki kirahisi, hata chombo kiwe na injini mbili. Ofisi nyingi za visiwani zinazotegemea setilaiti zina Mkanda wao. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kimo cha kilomita 35,786. Ujumbe ukipanda na kushuka, kisha jibu likarudi njia ileile, sekunde 0.6 hivi zimekwisha. Kompyuta inayotuma kilobaiti 64 kisha ikangoja jibu haifikishi megabiti 1 kwa sekunde, hata ukiwa umelipia 20.

Kifaa cha kuharakisha mtandao hupunguza ngojangoja hiyo: hubana data, huweka akiba ya vilivyokwisha kupakuliwa, na hujibu kompyuta zako papo hapo wakati mzigo ungali njiani. Sisi wa TEHAMA tunaitwa mara kwa mara kuambiwa kifaa ni kibovu, na mara nyingi kosa liko kwenye mipangilio yake.

Neno poti lina maana mbili. Kwanza ni tundu la waya. Tundu la LAN (mtandao wa ndani ya ofisi) huenda kwenye swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi; la WAN (upande wa nje) huenda kwenye ruta, inayotoa ofisi kwenye intaneti; na la usimamizi hubaki peke yake. Ukiyabadilisha, huenda mtandao ukaendelea kupita bila kuharakishwa, na miezi ikapita bila mtu kugundua.

Kosa lililonichosha zaidi nililikuta katika ofisi moja karibu na gati. Ping, kile kipimo kidogo cha kuuliza kama mtandao uko hai, ilijibu vizuri, barua pepe fupi zilikwenda, lakini faili la megabaiti 5 lilikwama kila siku. Fundi aliyetangulia alikuwa amefunga tundu la kifaa kwenye megabiti 100, njia mbili kwa wakati mmoja, na swichi akaiacha ijipangie. Swichi katika hali hiyo hutambua kasi tu. Kuhusu njia hukisia, na hukisia moja. Upande mmoja ukawa unazungumza na kusikiliza pamoja, mwingine unangoja zamu. Nilifungua ukurasa wa hesabu za makosa, nikautazama dakika moja: namba ilipanda kila faili lilipoanza kwenda. Tuliziacha pande zote mbili zijipangie, namba ikasimama. Jambo hili linaniuma kwa sababu ofisi ile ilikuwa imeshaongeza malipo ya kila mwezi.

Maana ya pili ni namba inayotambulisha huduma: 80 na 443 kwa tovuti, 53 kwa DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Proksi, sehemu inayoziombea kompyuta kurasa kwa niaba yao, husikiliza mara nyingi kwenye 3128 au 8080, na namba utakayochagua ndiyo iandikwe kwenye vivinjari vyote. Anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 192.168 au 10, ziweke kwenye orodha ya zisizopitia proksi. La sivyo hata ukurasa wa printa iliyo mezani utatafutwa kwa kuzunguka. Poti ya proksi isikilize upande wa LAN pekee. Ikiwa wazi kwa nje, wageni wataitumia kwa maovu na anwani itakayoonekana ni yako. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kuharakisha kurasa za HTTPS, yaani zilizofichwa kwa usimbaji, kwa ukamilifu hudai kifaa kifungue usimbaji. Sioni sababu ya kuzifungua kurasa za benki wala za matibabu. Ziache zipite zilivyo. Nyinginezo, watumiaji waelezwe kwanza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatubana sote, na ni haki yao kujua.

Mwisho wa kazi, kabla hujapanda mashua kurudi, chomoa umeme wa kifaa kwa makusudi. Vingi vina swichi ndogo ya ndani inayounganisha LAN na WAN umeme ukikatika, ili ofisi isibaki gizani. Fungua tovuti yoyote. Isipofunguka, ruta na swichi hazielewani zenyewe kwa zenyewe. Rudi kwenye waya zako.