Wa nyuma naye afunge mkanda

Ukipanda taksi Uyole kwenda Mbalizi, dereva atamwambia aliyekaa mbele: "Funga mkanda, trafiki wale pale." Wa nyuma haambiwi neno. Basi watu wakaamini mkanda ni wa mbele tu, tena ni wa kumridhisha trafiki.

Imani hiyo ina chanzo: Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ilimlenga dereva na abiria wa mbele. Lakini ajali haisomi sheria. Gari la kilomita 60 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mwili usiofungwa unaendelea na kasi ileile. Ni sawa na kuanguka kutoka mita 14 hivi. Tena wa nyuma hajiumizi peke yake. Anamvaa aliye mbele, ambaye maskini alifunga mkanda wake vizuri.

"Je, gari likipinduka kwenye mteremko wa mlima Kitonga, si nitanaswa?" Likipinduka, cha kuogopa zaidi ni kurushwa nje dirishani, na mkanda ndio unaokubakiza kitini. Kuufungua ni kubonyeza kitufe tu.

Na mtoto uliyempakata usimzungushie mkanda wako: uzito wako ndio utakaombana.