Kifafa kimetulia, mbona bado anasahau?

Mwenye kifafa akifika kliniki, swali la kwanza huwa: umeanguka mara ngapi tangu tuonane? Akishajibu, anaandikiwa dawa na anayefuata anaitwa. Mimi huongeza jingine: moyo wako ukoje siku hizi? Takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye kifafa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wengi hawaisemi. Wanachokitaja ni kusahau. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, atalalamika kwamba hakumbuki nani kamkopa, na kwamba usiku halali.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna hipokampasi, inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Imepakana na sehemu zinazoongoza hisia. Kifafa kinachoanzia hapo hugusa kumbukumbu na hisia kwa pamoja. Kwa hiyo sonona haitokani na kutengwa tu, ingawa kutengwa kupo na kunauma: hadi leo wapo wanaokimbia povu la aliyeanguka, na kifafa hakiambukizi kabisa.

Sonona nayo hula usikivu. Unaambiwa jambo huku mawazo yako mbali, halafu kesho unadhani umelisahau, kumbe halikuingia. Kusahau kwa namna hii mara nyingi hupungua sonona ikitibiwa, ndiyo maana inaniuma kuona mtu ameambiwa "ndivyo kifafa kilivyo, zoea".

Dawa pia zina mchango. Fenobabito, dawa ya kifafa, ni ya bei nafuu na imewasaidia wengi, ila huweza kumfanya mtu awe mzito wa kufikiri na kushusha hali ya moyo. Mweleze daktari, aibadilishe polepole. Usiiache mwenyewe ghafla: degedege lisilokatika huua.

Na usingizi! Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani usiku wa giza, na kukesha huchochea kifafa. Ambaye kifafa chake hakijatulia asipande mtumbwi, hata kama nyumbani wanategemea kazi hiyo. Familia itafute kazi ya nchi kavu kwa ajili yake.

Wengine huogopa kwamba dawa za sonona zitaamsha kifafa. Fluoksetini, kwa mfano, hutumika kwa wagonjwa hawa chini ya uangalizi wa daktari, na ushauri nasaha husaidia pia.

Ndugu yako akisema ni heri asingekuwepo, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na dawa zake zote zishikwe na mtu mwingine.