Video Iliyopotea Kwenye Kamera: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Send-off, harusi, mahafali, maziko: hakuna mwenye kamera anayeweza kuomba virudiwe. Ndiyo maana inaniuma kuona video ambayo ingeokoka ikamalizwa na ushauri mbaya unaotolewa dakika chache tu baada ya kupotea.

Dhana: Ukishafuta, imekwenda.

Ukweli: Ukifuta, kamera haiigusi video yenyewe. Inaliondoa jina la faili kwenye orodha ya kadi ya kumbukumbu na kuihesabu nafasi ile kuwa iko wazi. Video inabaki palepale mpaka kirekodiwe kitu kingine juu yake. Hata kufomati ndani ya kamera kwa kawaida hufanya hivyohivyo, isipokuwa umechagua fomati ya kina inayosafisha kadi nzima. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Kwa hiyo acha kurekodi papo hapo. Toa kadi, sukuma kiswichi chake cha pembeni upande wa kufunga, kisha tengeneza nakala ya kadi nzima (disk image), si ya faili zinazoonekana tu, kwenye kompyuta na uhangaike na hiyo nakala. Programu ya PhotoRec ni ya bure na hutafuta video bila kutegemea ile orodha. Ielekeze ihifadhi inachokipata kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile.

Lakini si kila kitu hurudi kizima. Faili la video ni zito, na kwenye kadi iliyokuwa ikifutwafutwa huandikwa vipandevipande, hivyo programu inaweza kukurudishia kipande cha mwanzo tu. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa tabia ya kufuta klipu mojamoja ukumbini ili kupata nafasi. Beba kadi ya pili.

Dhana: Faili lisilofunguka limeharibika lote.

Ukweli: Hii ndiyo inayopoteza kazi nyingi bure. Faili la MP4 lina sehemu mbili kubwa: picha na sauti zenyewe, na faharasa inayoieleza programu kila kipande kiko wapi. Kamera nyingi huandika faharasa hiyo mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikizima ghafla, au mtu akichomoa kadi huku taa ya kuandika inawaka, picha zipo lakini faharasa haipo, na hakuna programu ya kawaida itakayolicheza faili hilo.

Kwanza rudisha kadi kwenye kamera ileile ikiwa na betri iliyojaa, uiwashe. Nyingi hugundua hitilafu na kuomba ruhusa ya kurekebisha, kubali. Ikishindikana, ipo programu ya bure iitwayo untrunc. Inahitaji faili zima lililorekodiwa na kamera hiyohiyo kwa mipangilio ileile, ili ijifunze umbo lake na kuijenga faharasa upya. Faili za MTS za AVCHD, mfumo mwingine wa kurekodi video, hazina udhaifu huu. Zikikatika, sehemu iliyorekodiwa mara nyingi hucheza.

Dhana: Kompyuta ikisema kadi ifomatiwe, kubali.

Ukweli: Kataa. Ujumbe huo una maana tu kwamba kompyuta imeshindwa kuisoma orodha. Na usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski, kabla ya kutengeneza nakala, kwani inaweza kuvikata vipande ulivyokuwa unavitafuta.

Dhana: Kamera inayokata kurekodi yenyewe ni mbovu.

Ukweli: Anza na kadi. Alama V30 iliyoandikwa kwenye kadi ni ahadi ya kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi feki huandikwa alama hiyohiyo bila kuifikia. Ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kabla ya siku ya kazi. Klipu ndefu kukatwa kila inapofika gigabaiti 4 si ubovu: kadi za hadi gigabaiti 32 hutumia FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi, ambao haubebi faili kubwa zaidi ya hapo.

Dhana: Kanda ya MiniDV (kanda ndogo ya video ya kidijitali) inayoonyesha vimiraba imekufa.

Ukweli: Mara nyingi ni kichwa cha kamera, sehemu inayoisoma kanda, kilichochafuka. Pitisha kanda kavu ya kusafishia kwa sekunde 10 hivi, kisha jaribu tena. Kama ilirekodiwa kwa LP, yaani mwendo wa polepole unaorefusha muda wa kanda, itafute kamera iliyoirekodi, maana kamera nyingine huenda isiisome vizuri. Na unapoihamishia kompyuta tumia waya wa FireWire, aina ya waya wa kuhamishia video. USB ya kamera nyingi za aina hiyo haikutengenezwa kupitisha video kwa ubora wake kamili.