Kampuni za simu zinapoungana: nani anabaki na laini yako, nani anabaki na mnara

Mtu aliyekuwa na laini ya 0750 mwaka 2014 hakuulizwa chochote. Yu, mtandao wa kampuni ya Essar ya India, ulikuwa unaondoka Kenya, na mali yake ikagawanywa pande mbili. Wateja, zaidi ya milioni mbili na nusu, walikwenda Airtel. Minara, mitambo na masafa yakaenda Safaricom. Bei ya jumla ilikuwa takriban dola milioni 120, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka Safaricom. Yaani vyuma na masafa vilinunuliwa ghali kuliko watu.

Kazi yangu ni kuchambua kampuni za mawasiliano kwa niaba ya wawekezaji hapa Nairobi, na kila inapotoka habari kwamba mitandao miwili inataka kuungana, simu yangu haitulii. Mwenye laini anataka kujua kama bando zitapanda bei. Mwenye hisa anataka kujua kama anunue au auze. Wote nawarudisha kwenye mgawanyo ule wa Yu. Kabla hujauliza kama serikali itakubali, uliza nani atashika nini. Kisha uliza ni nani atakayelipia muda wa kungoja idhini. Swali hilo la pili hupuuzwa sana, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi.

Nianze na masafa, kwa sababu ndiyo mali ambayo mteja haioni. Mawimbi yanayobeba simu na data yana mipaka. Hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa leseni na kwa ada, na mtandao mmoja ukiyashika, mwingine hauwezi kuyatumia. Mwenye masafa mengi anaweza kupitisha data nyingi zaidi kwenye mnara uleule bila kujenga mwingine. Ndiyo maana kampuni inaweza kumnunua mshindani anayepata hasara mwaka baada ya mwaka na bado ikahesabu kwamba imepata faida.

Mfano mkubwa ni wa Marekani. T-Mobile na Sprint walitangaza kuungana mwezi Aprili 2018, mkataba wa thamani ya dola bilioni 26 hivi uliolipwa kwa hisa, na wakakamilisha tarehe 1 Aprili 2020. Sprint ilikuwa imelemewa na madeni na wateja wake walikuwa wakihama, lakini ilikuwa na shehena ya masafa ya gigahezi 2.5, yanayofaa sana kwa 5G. Hayo ndiyo T-Mobile iliyoyataka. Wateja wa Sprint nao walikuja na simu zilizotumia CDMA, teknolojia ya zamani ya simu isiyopatana na mtandao wa T-Mobile na ambayo T-Mobile haikuwa na haja nayo, na mwaka 2022 mtandao huo wa zamani ukazimwa. Aliyekuwa bado na simu ya aina hiyo alilazimika kununua nyingine. Hapa Kenya mitandao yetu mikubwa ya simu za mkononi ilitoka kwenye GSM, teknolojia inayotumia kadi ya laini, kwa hiyo hatari hiyo kwetu ni ndogo. Mara nyingi hitaji huishia kwenye kubadilisha kadi.

Sasa bei. Watu wa rika langu wanakumbuka mwaka 2010, Zain (leo Airtel) ilipoteremsha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Mwezi huohuo mdhibiti alikuwa amepunguza ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kumfikishia simu, kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21. Safaricom ikafuata kuteremsha, na wengine pia. Angalia nani aliyeanza: ni yule wa pili, aliyekuwa na wateja wachache na sababu ya kuhatarisha. Kampuni kubwa haina haja ya kuanza vita vya bei, kwa sababu kila senti inayopunguza inaikata kwa wateja wote ilionao tayari. Mdogo anaikata kwa wachache na anatarajia kuwavuta wengi. Kwa hiyo muungano ukitangazwa, mimi hutafuta kwanza kama anayeondoka sokoni ndiye aliyekuwa anasukuma bei chini.

Wadhibiti wana hesabu ya kupima jambo hili, iitwayo HHI. Unachukua asilimia ya soko ya kila kampuni, unaizidisha kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Chukua soko la mfano lenye kampuni tatu, za asilimia 65, 30 na 5. Jumla ni 5,150. Yule wa 30 akimchukua wa 5, inakuwa 5,450. Lakini wa 65 akimchukua huyohuyo wa 5, inafika 5,800. Kipande ni kilekile, ila madhara yake yamezidi maradufu kwa sababu ya mkono ulioshika. (Marekani siku hizi huhesabu soko lililopita 1,800 kuwa limebanwa sana. Utaona sisi tuko wapi.)

Hiyo ndiyo sababu niliunga mkono muungano uliopendekezwa wa Airtel na Telkom, na sijabadili maoni. Safaricom ina karibu theluthi mbili ya laini za nchi hii, na wawili wadogo kuungana kungempa mteja mshindani mwenye masafa ya kutosha na minara ya kutosha. Sisemi kwamba ingefaulu bila shaka. Ghana, Airtel na Tigo waliungana mwaka 2017, na kufikia 2021 wenye kampuni waliikabidhi kwa serikali. Wanyonge wawili wakiungana bila mtaji mpya wanabaki wanyonge. Lakini hapa hatukupata hata nafasi ya kuona.

Mkataba wa Airtel na Telkom ulitangazwa Februari 2019. Helios, kampuni ya uwekezaji, walikuwa na asilimia 60 ya Telkom, serikali 40. Ulihitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, idhini ya Mamlaka ya Ushindani, na kwa kuwa kulikuwa na mali ya umma ndani yake, kila ofisi yenye dhamana na mali hiyo ilikuwa na neno. Safaricom nayo ilitaka madeni yalipwe na suala la masafa litazamwe. Agosti 2019 Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ikasimamisha shughuli ili kuchunguza. Desemba 2019 Mamlaka ya Ushindani ikatoa idhini yenye masharti mazito, miongoni mwake kwamba kampuni mpya isiuzwe kwa miaka mitano na kwamba wafanyakazi 349 kati ya 674 wa Telkom wahakikishiwe kazi. Agosti 2020 wahusika wakatangaza kwamba wameachana na mpango. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita.

Fikiria mambo yanayotokea ndani ya kampuni kwa muda wote huo. Mhandisi anayeomba fedha za kujenga minara mipya Kitui au Lodwar anaambiwa angoje, kwa sababu huenda mwenzetu tayari ana mnara pale. Mkuu wa mauzo hajui kama cheo chake kitakuwepo mwakani, kwa hiyo akipata barua ya kazi kwingine anaondoka, na wa kwanza kuondoka huwa wale wazuri. Mwenye duka la simu River Road anapunguza kadi anazoweka, maana hajui kama nembo ile itakuwepo Krismasi. Kampuni kubwa ya biashara iliyokuwa karibu kusaini mkataba wa intaneti wa miaka mitatu inasitasita. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, na yote yanapunguza thamani ya kile kinachouzwa. Muungano ukivunjika, mnunuzi anarudi kwenye biashara yake. Aliyekuwa anauzwa anarudi na wateja pungufu, mtandao uliosimama na wafanyakazi waliovunjika moyo. Telkom haijawahi kupata nguvu iliyokuwa nayo kabla ya 2019. Baadaye ilifikia hata minara yake mingi kuzimwa na kampuni iliyoikodisha, kwa sababu ya deni. Siwezi kuulaumu muungano peke yake kwa hayo, lakini mwaka mmoja na nusu wa kusimama ulichangia, na mteja wa Telkom ndiye aliyelipa kwa mtandao uliokuwa unakatika.

Linganisha na T-Mobile ileile. Mwaka 2011 AT&T ilitaka kuinunua kwa dola bilioni 39, na serikali ya Marekani ikapinga. Mkataba ulikuwa umeweka wazi kwamba ukivunjika AT&T italipa, na ikalipa: dola bilioni 3 taslimu, pamoja na masafa na mkataba wa kutumia mtandao wake. T-Mobile ilitoka kwenye kungoja ikiwa na fedha na masafa mkononi, ikaanza kujenga. Kipengele hicho kimoja ndicho ninachokitafuta mwanzo kabisa kila ninapopokea mkataba wa aina hii: ukivunjika, nani anamlipa nani, na kiasi gani.

Uingereza, Vodafone na Three walikubaliwa Desemba 2024, wakaungana rasmi mwisho wa Mei 2025. Waliahidi kuwekeza pauni bilioni 11 kwenye mtandao na kutopandisha baadhi ya bei kwa miaka mitatu. Ahadi ya uwekezaji naiheshimu, kwa sababu inaweza kukaguliwa mnara kwa mnara. Ahadi ya bei ina tarehe ya kuisha. Marekani, T-Mobile iliahidi mahakamani na kwa wadhibiti kutopandisha bei kwa miaka mitatu. Mwaka 2024 wateja wengi wa mipango ya zamani wakaona ankara zao zikipanda.

Upande wa wawekezaji, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kujumlisha wateja. Mtandao A una milioni 10, B una milioni 4, basi watakuwa 14. Hapa kwetu hapana. Mkenya wa kawaida ana laini mbili: moja ya M-Pesa na ya kupigiwa, nyingine ya bando za bei nafuu. Akiwa na laini za A na B zote, baada ya muungano hana sababu ya kubaki nazo, na moja itatupwa. Pia huenda akatafuta laini ya mtandao wa tatu, kwa kuwa alichotaka tangu mwanzo ni kuwa na wawili wa kuwalinganisha. Mchambuzi asiyepunguza hesabu kwa hilo anakuuzia ndoto.

La pili ni namna unavyolipwa. AccessKenya, kampuni ya intaneti iliyoingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2007 kwa Sh10 kwa hisa, ilinunuliwa na Dimension Data mwaka 2013 kwa Sh14 taslimu, kisha ikaondolewa sokoni. Aliyenunua siku ya kwanza na akashikilia alipata faida ya wastani. Aliyenunua hisa zilipokuwa juu ya hapo alilipwa hasara yake taslimu, na hakuwa na siku nyingine ya kungoja bei irudi. Kwa Sprint malipo yalikuwa hisa: kila hisa moja ilibadilishwa kwa 0.10256 ya T-Mobile. Aliyekubali kushika hisa hizo mpya amefaidika sana tangu 2020. Na siku jaji Victor Marrero alipowaruhusu kuungana, Februari 2020, hisa ya Sprint ilipanda zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja, jambo linalokuonyesha jinsi soko lilivyokuwa limekata tamaa. Wako watu ambao kazi yao ni kununua katikati ya shaka kama hiyo. Sishauri mwenye akiba ya karo ya watoto kuwaiga.

Airtel Afrika imeorodheshwa London na Lagos, wala Telkom haiko sokoni. Mwekezaji wa Nairobi anaguswa na habari za mitandao karibu zote kupitia hisa moja tu, Safaricom, na ndiyo inayonishughulisha sasa. Desemba 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom, kampuni ya Afrika Kusini iliyo chini ya Vodafone, asilimia 15 ya Safaricom kwa Sh34 kwa hisa, jumla ya zaidi ya Sh204 bilioni. Pamoja na hisa ilizokuwa nazo tayari na sehemu ya Vodafone, Vodacom ingefikia asilimia 55, na serikali ingebaki na 20. Huu si muungano wa mitandao; laini yako na M-Pesa yako havihami. Ni udhibiti wa kampuni unaohamia kwa mwenye hisa mmoja aliyeko Afrika Kusini.

Kanuni zetu za ununuzi wa kampuni zinamtaka anayechukua udhibiti kuwapa wanahisa wengine ofa pia, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imruhusu asifanye hivyo. Vodacom ilieleza tangu mwanzo kwamba haikusudii kutoa ofa kwa wote na kwamba ingeomba ruhusa hiyo. Mamia ya maelfu ya Wakenya walionunua hisa za Safaricom kwa Sh5 mwaka 2008, wengine kwa mikopo, hawakuwa kwenye meza ambapo Sh34 ilikubaliwa. Kama uko miongoni mwao, soma waraka wa wanahisa mwenyewe, na utazame mambo mawili: sera ya gawio baada ya mabadiliko, na wajumbe wangapi wa bodi watakuwa wa kuteuliwa na mwenye asilimia 55. Gawio ndilo limekuwa likiwafikia wenye hisa kidogo kila mwaka, na bodi ndiyo inayoamua ni kiasi gani.