Breki za Seli na Saratani ya Mlango wa Kizazi: Maswali na Majibu

Seli hujuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika?

Huwa inangoja ishara kutoka nje, kwa mfano kutoka kwa majirani zake pale ngozi inapokatika. Ishara ikitosha, seli hukua, hunakili DNA yake yote, hukagua nakala, ndipo igawanyike. Kwa seli za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko huo huchukua takriban saa 24, na kugawanyika kwenyewe ni kama saa 1 tu. Muda uliobaki ni maandalizi, na humo ndimo mambo huharibika.

Nani husimamia maandalizi hayo?

Kuna protini za kusukuma, ziitwazo saiklini, na kuna breki. Breki mbili ndizo za kukumbuka. Rb hukaa langoni kabla ya DNA kunakiliwa: imezikamata protini zinazowasha kazi hiyo, na haiziachii mpaka ishara zitoshe. p53 ni mkaguzi. DNA ikikatika, husimamisha kazi ili irekebishwe. Isiporekebishika, seli huamriwa ijiue.

Saratani inaingia wapi?

Mara nyingi breki hufa taratibu, kwa makosa ya kunakili au kwa sumu kama za moshi wa sigara. Kila jeni ya breki (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kuitengeneza) tunayo mara mbili, ya baba na ya mama, kwa hiyo kosa moja kwa kawaida halitoshi. Ndiyo maana saratani nyingi huchukua miaka.

Kwenye mlango wa kizazi kuna njia ya mkato: virusi vya HPV, vinavyoenezwa hasa kwa kujamiiana. Virusi hivi havina vifaa vyake vya kunakili DNA, hutegemea vya seli. Shida yao ni kwamba seli za tabaka za juu zimeshaacha kugawanyika na vifaa vimefungwa. Basi HPV hutengeneza protini mbili: E7 huinasa Rb, na E6 husababisha p53 ivunjwevunjwe. Breki zote mbili zimeondoka bila jeni zake kuguswa! Aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii.

Nikikutwa na HPV, tayari nina saratani?

Hapana. Wengi huviondoa wenyewe ndani ya miaka 2. Vikibaki, saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, huenda ikawa 5 hadi 10.

Kwa nini nesi anayepima saratani hii hupaka siki kwenye mlango wa kizazi?

Ni asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5. Seli zinazogawanyika ovyo zina viini vikubwa vilivyojaa protini. Asidi hugandisha protini hizo, kama ute wa yai unavyobadilika ukipikwa, na sehemu hiyo hugeuka doa jeupe lenye kingo. Lazima kungoja dakika 1 kamili. Anayetazama mapema hulikosa doa. Doa si lazima liwe saratani, hata uvimbe wa kawaida waweza kuwa mweupe. Na kwa waliokoma hedhi, eneo la kuangaliwa mara nyingi limerudi ndani, hivyo kipimo cha HPV huwafaa zaidi. Usijaribu siki ya jikoni nyumbani.

Doa likionekana?

Likiwa linafaa kutibiwa kliniki, huchomwa kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30, mara nyingi siku hiyohiyo. Majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa. Acha tendo la ndoa kwa wiki 4, na urudi haraka ukipata homa, harufu mbaya au damu nyingi.

Binti yangu amechanjwa dhidi ya HPV. Atahitaji kupimwa baadaye?

Ndiyo. Chanjo, iliyoanza kutolewa kitaifa Tanzania mwaka 2018 na Kenya 2019, huzuia aina zilizo hatari zaidi, si zote, wala haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Kwa hiyo hupewa wasichana mapema, kabla ya kuanza kujamiiana. Vipimo vianze akifika miaka 30, au 25 akiwa na VVU. Damu ikitoka baada ya tendo la ndoa, asingoje umri huo.