Mwaka Mpya wa Wabudha: Yanayosemwa na Yaliyopo

Dhana: Wabudha wote hufungua mwaka siku moja.

Ukweli: Thailand, Laos, Kambodia, Myanmar na Sri Lanka huufungua katikati ya Aprili, jua likiingia buruji ya Hamali. Watibeti hufuata mwezi. Losar, yaani mwaka mpya wao, huangukia zaidi Februari au Machi. Wajapani walihamia 1 Januari mwaka 1873, na usiku wa kuamkia siku hiyo kengele za mahekalu hupigwa mara 108.

Dhana: Mwaka mpya wa Aprili ni sikukuu ya Budha.

Ukweli: Ni ya jua, na ya jikoni pia. Sri Lanka, Wasinhala ambao wengi wao ni Wabudha husherehekea pamoja na Watamil wa dini ya Kihindu. Kati ya mwaka unaokwisha na unaoingia kuna saa kadhaa zisizo za mwaka wowote: moto unazimwa, kazi zinasimama, hakuna kula. Saa iliyopangwa na wanajimu ikigonga, mama mwenye nyumba huwasha moto, akabandika maziwa kwenye chungu kipya na kuyaacha yachemke mpaka yafurike. Siku nyingine angegombezwa. Leo maziwa yakimwagika watu hushangilia. Kisha hupakuliwa kiribath, wali wa nazi uliokatwa vipande.

Dhana: Songkran, mwaka mpya wa Thailand, ni vita vya maji tu.

Ukweli: Bastola za maji ndizo zinazopigwa picha. Ndani ya nyumba, vijana hupiga magoti na kuwamiminia wazee maji ya yasmini viganjani, taratibu, nao wazee huwaombea heri. Hekaluni watu hujenga vichuguu vya mchanga, kurudisha ule uliotoka na nyayo zao mwaka mzima. Mimi hilo la mchanga ndilo linalonivutia kuliko yote.

Dhana: Kalenda ya Thailand huhesabu tangu Budha azaliwe, na tarakimu hubadilika siku ya Songkran.

Ukweli: Huhesabu tangu afariki, kwa kuongeza 543, ndiyo maana 2025 kwao ni 2568. Tarakimu hubadilika 1 Januari, tangu 1941. Kabla ya hapo mwaka wa serikali ulianza 1 Aprili, kwa hiyo 2483 ulikatwa ukiwa na miezi tisa. Januari, Februari na Machi za mwaka huo hazikuwahi kuwepo.