Mwelekezi wa sanaa si fundi wa Photoshop

Juzi nimekutana tena na tangazo la kazi: anatafutwa "mkurugenzi wa sanaa", awe anajua Photoshop, kuchapa fulana na kupiga picha za harusi. Hao ni watu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliye mkurugenzi wa sanaa.

Kwa ufupi, mkurugenzi wa sanaa, au mwelekezi kama ninavyopenda kumwita, ni yule anayeamua kazi nzima ionekaneje: picha za namna gani, rangi zipi, herufi zipi, na nini kiachwe. Mikono ya kuitenda inaweza kuwa ya wengine.

Ukilalamika kwamba kutengeneza mabango kwa Photoshop ni usanifu, unaambiwa: "Si sanaa na usanifu ni kitu kimoja? Hata maneno yenyewe yanafanana." Yanafanana sikioni tu. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini kila moja lilipanda jahazi lake. Sanaa limetoka kwenye mzizi wa kutengeneza, kazi ya mikono. Mchonga milango ana sanaa hata kama hajawahi kushika maikrofoni. (Siku hizi wanamuziki wamelihodhi neno, na mtaani "kufanya usanii" ni kutapeli.) Sanifu limetoka kwenye mzizi wa kupanga, kuainisha, kutunga. Ndugu yake ni tasnifu, ile inayowanyima usingizi wanafunzi wa uzamili. Kwa hiyo msanifu ni mpangaji: anaupanga ukurasa. Mwelekezi ndiye anayesema ukurasa huo uelekee wapi. Na ndiyo maana nasema mwelekezi. "Mkurugenzi" linaleta picha ya kiti cha ngozi na katibu muhtasi mlangoni.

Chukua tangazo la kigari cha Volkswagen la mwaka 1959 kule Marekani. Maneno aliandika Julian Koenig. Mwelekezi wa sanaa alikuwa Helmut Krone, wa wakala wa matangazo wa DDB, New York. Wakati magari makubwa yakijaza kurasa, yeye alikiweka kigari kile juu kushoto, kidogo kama mende, na sehemu kubwa ya ukurasa akaiacha tupu. Ule utupu ndio kazi yake. Mteja wa kwetu angeuliza mbona hajaweka nembo kubwa zaidi.

Basi yule kijana anayekutengenezea mabango, mwite msanifu. Hujamshusha cheo. Ila akianza kukuuliza kwa nini unataka bango lenyewe, hapo msikilize: ameshaanza kuelekeza.